Mwongozo kamili: kutoboa tundu la nozeli kwenye tangi la hewa na kuliimarisha

Kosa linalojirudia katika michoro ya matangi ya hewa ni pedi iliyowekwa kwa kukisia. Mchoraji ana nozeli (kipande cha bomba kinachochomelewa kwenye tundu la tangi) ya inchi 6, anaizungushia pete ya chuma anayoiona inatosha, na hesabu haipo popote. Mkaguzi akiuliza ni eneo gani la chuma lililokatwa na limerudishwa wapi, jibu linakosekana.

Ganda la tangi lenye shinikizo huvutwa kuzunguka mduara wake muda wote. Ukilitoboa, chuma kilichokuwa kikibeba mvuto huo kimeondoka, na mzigo wake unahamia kwenye kingo za tundu. Kwa hiyo chuma kilichotolewa lazima kirudishwe, tena kirudishwe karibu na tundu. Kikikaa mbali, hakisaidii.

Mfano tunaoutumia ni tangi la hewa lenye kipenyo cha ndani cha mm 1000 na shinikizo la MPa 1.0, yaani bar 10. Kanuni ni za ASME (Chama cha Wahandisi wa Mitambo cha Marekani), Sehemu ya VIII, Kitengo cha 1, aya UG-36 hadi UG-46.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kwa hesabu:

- Shinikizo la usanifu na joto la usanifu, siyo vile vya kazi ya kila siku.
- Daraja la chuma cha ganda, bomba na pedi, pamoja na vyeti vyake kutoka kiwandani. Mfano wetu: bamba SA-516 Daraja 70 lenye mkazo unaoruhusiwa wa MPa 138, na bomba SA-106 Daraja B lenye MPa 118.
- Akiba ya kutu. Hewa iliyoshindiliwa ina maji ndani yake, kwa hiyo usiweke sifuri. Tunatumia mm 1.5.
- Ufanisi wa mshono wa ganda. Tunatumia 0.85, yaani mshono uliochomelewa pande zote mbili na kupigwa eksirei kwa sampuli.

Kwa karakana: kikata gesi au plazima, grainda, elektrodi za E7018 na tanuri ya kuzikaushia, dawa ya rangi ya kupimia nyufa, pampu ya majaribio ya maji, na geji mbili za kufika bar 25.

Onyo. Tangi lililokwisha kuingia kazini halitobolewi kabla mkaguzi hajaridhia hesabu na mchoro. Wanaohusika ni mamlaka za usalama na afya kazini: Tanzania ni OSHA, Kenya ni DOSHS. Kama lilihifadhi mafuta au kemikali, mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka kwa cheche ya kwanza ya grainda. Lisafishwe, lipitishwe hewa, lipimwe gesi, ndipo moto uwashwe.

## Hatua ya 1: Jua kama tundu linahitaji hesabu

Si kila tundu linahitaji kuimarishwa. Kwa nozeli ya kuchomelea, ganda ambalo unene wake unaohitajika hauzidi mm 10 linaruhusu tundu la hadi mm 89 bila hesabu ya ziada. Ganda nene kuliko hapo, kikomo ni mm 60. Kwa tundu la kufunga kwa nyuzi, kikomo ni mm 60.

Msamaha huu una masharti. Matundu mawili ya namna hiyo yasikaribiane kiasi kwamba umbali kati ya vituo vyao unapungua jumla ya vipenyo vyao. Pia hauhusu tangi ambalo shinikizo lake linapanda na kushuka ghafla mara kwa mara.

Tundu la kutolea maji la inchi 1 limesamehewa. Nozeli yetu ya inchi 6 haimo. Tundu la kuingilia mtu halimo kabisa, na usilisahau: tangi la hewa lenye kipenyo kinachozidi mm 900 linatakiwa kuwa nalo, na likiwa la duara lisipungue mm 400. Hatua zinazofuata ndizo zilezile kwake.

## Hatua ya 2: Tafuta unene unaohitajika wa ganda

Fanya hesabu zote katika hali ya tangi lililokwisha kuliwa na kutu, kwa sababu ndiyo siku litakayokuwa dhaifu zaidi. Nusukipenyo cha ndani si 500 tena, ni 501.5.

Unene wa ganda kwa mshono wake (P ni shinikizo, R nusukipenyo, S mkazo unaoruhusiwa, E ufanisi wa mshono):

t = PR ÷ (SE − 0.6P) = 1.0 × 501.5 ÷ (138 × 0.85 − 0.6) = mm 4.30

Ongeza kutu 1.5, unapata mm 5.80. Bamba la mm 6 linatosha. Kutu ikishaondoka, linabaki na mm 4.5.

Kwa hesabu ya tundu unahitaji namba nyingine, tr, inayotafutwa kwa ufanisi wa 1.0 kwa kuwa tundu halipo kwenye mshono:

tr = 501.5 ÷ (138 − 0.6) = mm 3.65

Wengi huchanganya namba hizi mbili. Ukitumia 4.30 mahali pa 3.65, unajitwisha pedi kubwa isiyo na sababu. Kosa la kinyume ni baya zaidi: ukichukua mm 6 kama unene uliopo bila kutoa kutu, unahesabu chuma ambacho baada ya miaka kadhaa hakitakuwepo.

## Hatua ya 3: Hakiki shingo ya nozeli

Bomba la inchi 6, Skedyuli 40 (daraja la unene wa ukuta wa bomba), lina kipenyo cha nje mm 168.3 na ukuta mm 7.11. Viwanda vya mabomba vinaruhusiwa kupungukiwa asilimia 12.5 ya unene, kwa hiyo kwa ukaguzi huu chukua mm 6.22.

Kwa shinikizo peke yake shingo inahitaji mm 0.67 tu. Lakini UG-45 inaizuia isiwe nyembamba kuliko ganda linavyohitaji: 3.65 + 1.5 = mm 5.15, au unene wa bomba la kawaida pamoja na kutu kama huo ni mdogo zaidi. Sababu ni kwamba shingo hubeba pia uzito wa valvu na mabomba, mambo yasiyomo kwenye fomula ya shinikizo. Tuna 6.22, tunahitaji 5.15. Imepita.

## Hatua ya 4: Eneo lililokatwa

Kwa uimarishaji unaruhusiwa kutumia unene kamili wa bomba, ukitoa kutu tu. Ukuta, tn, ni 7.11 − 1.5 = mm 5.61. Kipenyo cha ndani baada ya kutu, d, ni mm 157.08.

Bomba ni dhaifu kuliko bamba, kwa hiyo kila milimita yake inahesabiwa kwa uwiano wa 118 ÷ 138 = 0.855. Huo ndio fr.

A = d × tr + 2 × tn × tr × (1 − fr)
A = 157.08 × 3.65 + 2 × 5.61 × 3.65 × 0.145 = mm² 579

Hilo ndilo deni.

## Hatua ya 5: Chuma cha ziada kilichopo tayari

Kabla ya kufikiria pedi, hesabu chuma kilichopo ndani ya mipaka. Upande wa ganda, mpaka ni d kila upande wa kitovu cha tundu. Kwa kwenda juu ya shingo, ni 2.5t au 2.5tn, ndogo kati ya hizo; t hapa ni unene wa ganda uliopo baada ya kutu, siyo 4.30 ya Hatua ya 2. Hapa ni 2.5 × 4.5 = mm 11.25. Chuma kilicho nje ya mipaka hiyo hakihesabiwi, hata kiwe kinene namna gani.

Ganda (1.4 inatolewa kwa kuwa bomba ni dhaifu kuliko bamba): 157.08 × (4.5 − 3.65) − 1.4 = mm² 132

Shingo (5 ni 2.5 kwa kuta mbili): 5 × (5.61 − 0.67) × 0.855 × 4.5 = mm² 95

Weldi ya nje yenye mguu (upana wa upande mmoja wa weldi) wa mm 6: 36 × 0.855 = mm² 31

Jumla ni mm² 258. Deni ni 579. Tumepungukiwa na mm² 321.

Hapo ndipo mtu hukimbilia kuongeza unene wa bomba. Jaribu uone. Chukua Skedyuli 160, ukuta wa mm 18.26. Deni linashuka hadi mm² 510, na shingo inatoa 311, lakini ganda na weldi vinaongeza 141 tu. Jumla 452, bado haitoshi. Kwenye ganda jembamba, mpaka wa mm 11.25 unaizuia shingo nene isisaidie, kwani sehemu kubwa ya chuma hicho kizito na ghali inabaki juu ya mpaka.

Tazama pia tundu likiangukia kwenye mshono wa urefu wa tangi. Unene wa ganda unapigwa kwa 0.85 kwanza: 0.85 × 4.5 = 3.825. Ziada ya ganda inaporomoka kutoka mm² 132 hadi 27. Sogeza tundu. Ni rahisi kuliko kulilipia.

## Hatua ya 6: Chagua kati ya pedi na bamba nene

Njia ya pedi. Tumia bamba lilelile la SA-516 Daraja 70, unene mm 6. Kipenyo cha nje cha chini kabisa ni 168.3 + 321 ÷ 6 = mm 222. Chukua mm 240. Pedi inatoa (240 − 168.3) × 6 = mm² 430, na jumla yote ni mm² 688 dhidi ya deni la 579. Kipenyo hicho kipo ndani ya mpaka wa 2d, yaani mm 314. Pedi ya mm 400 ingeonekana imara zaidi, lakini kinachozidi mm 314 ni uzito na weldi bure.

Njia ya ganda nene. Badili ganda liwe bamba la mm 8. Baada ya kutu linabaki mm 6.5, na ziada yake peke yake ni mm² 443. Shingo inatoa 118, weldi yenye mguu wa mm 8 inatoa 55. Jumla ni mm² 616. Pedi haihitajiki.

Kwa tangi jipya, njia ya pili ndiyo bora mara nyingi. Mm 2 za ziada kwenye silinda ya urefu wa mita 2 ni takriban kilo 100 za chuma, lakini zinakuondolea kukata pedi, kuikunja, kuichomelea mara mbili na kuipima. Tena ziada hiyo inazisaidia nozeli zote za ganda. Kwenye tangi linalopata joto na baridi kwa kupokezana, au shinikizo la kupanda na kushuka, epuka pedi kabisa: pedi na ganda havipati joto kwa pamoja, na nyufa huanzia kwenye kingo za weldi.

Pedi inabaki kuwa jibu pale ganda limeshanunuliwa au limeshakunjwa. Hatua zinazofuata zinachukulia hali hiyo.

## Hatua ya 7: Weka alama na kata

1. Chora mistari ya katikati ya tangi kwa urefu na kwa mzunguko, piga alama za senta panchi. Mistari ya chaki pekee itafutika.
2. Hakikisha ukingo wa pedi uko mbali na mishono. Karakana nyingi makini huacha angalau mm 50 ili joto la weldi mbili lisirudie mahali pamoja.
3. Kama mipaka ya nozeli mbili inaingiliana, chuma cha katikati hakihesabiwi mara mbili. Tenganisha nozeli au zihesabu kwa pamoja.
4. Kata tundu la takriban mm 173, upate nafasi ya mm 2 hadi 3 kuzunguka bomba. Chonga ukingo kwa pembe ya nyuzi 45 ili weldi ipenye unene wote.
5. Saga hadi chuma king'ae, angalau mm 25 kuzunguka. Ukingo uliokatwa kwa gesi una mikwaruzo ambayo ni mwanzo wa ufa.

Nozeli ya kutolea maji chini ya tangi isijitokeze ndani hata kidogo. Ikijitokeza mm 10, maji ya kina hicho yatabaki yamesimama maisha yote ya tangi, na kutu itakula hapohapo.

## Hatua ya 8: Chomelea kwa mpangilio huu

Weldi ya shingo na ganda hutangulia, pedi hufuata. Ukigeuza, weldi muhimu kuliko zote inafunikwa kabla haijakaguliwa.

1. Funga flanji (pete yenye matundu ya bolti ya kuungia bomba) kwenye shingo kwanza. Daraja la 150 linatosha kwa bar 10. Flanji ya inchi 6 ina matundu 8 ya bolti. Yapange ili mistari mikuu ya katikati ipite kati ya matundu mawili, siyo juu ya tundu. Likikosewa hili, bomba la mteja halitaungana.
2. Shikiza shingo kwa pointi nne, pima kwa skwea pande mbili.
3. Chomelea robo kwa robo ukivuka kwenda upande wa pili. Ukizunguka kwa mkupuo mmoja, shingo inavutwa upande.
4. Chimba mzizi kwa grainda kutoka ndani, chomelea upande huo, kisha pima kwa dawa ya rangi. Mstari wowote mwekundu ni wa kuchimbwa na kurudiwa.
5. Weldi ya pembe: koo (unene wa weldi katikati yake) lisipungue mm 4.2, ambayo ni 0.7 ya mm 6. Mguu wa mm 6 unatoa koo la mm 4.24. Umepita kwa uzi, kwa hiyo pima kwa geji ya weldi.

Elektrodi za E6013 zinauzwa kila duka la vifaa na zinawaka vizuri, lakini hapa si mahali pake. Tumia E7018, na uzikaushe kwenye tanuri kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti. Zikinyonya unyevu, kama inavyotokea haraka Mombasa au Dar es Salaam, zinaingiza haidrojeni kwenye weldi, na ufa unaweza kutokea saa nyingi baada ya kazi kupoa.

## Hatua ya 9: Funga pedi na tundu lake

Kunja pedi ifuate mviringo wa ganda. Pedi bapa iliyolazimishwa kwa nyundo inaacha mwanya, na pedi yenye mwanya haibebi mzigo sawasawa.

Kabla ya kuifunga, toboa tundu dogo la kuonyesha uvujaji, lisizidi mm 11, kisha likate nyuzi za robo inchi. Tundu hilo lina kazi tatu: linatoa hewa inayopanuka wakati wa kuchomelea, linatumika kupima weldi, na miaka ya mbele linatoa ishara kama weldi ya ndani imeanza kuvuja. Wapo wanaoliziba kwa weldi ili tangi lipendeze. Wakifanya hivyo, shinikizo litajificha chini ya pedi bila mtu kujua. Likizibwa, lizibwe kwa grisi tu au kitu kingine kisichoweza kushikilia shinikizo.

Weldi ya nje ya pedi: koo lisipungue nusu ya unene, yaani mm 3. Mguu wa mm 6 unapita bila shida.

## Hatua ya 10: Pima

Pedi kwanza. Ingiza hewa ya bar 0.5 hadi 1 kupitia tundu dogo, paka maji ya sabuni kwenye weldi zote, ndani ya tangi na nje. Usizidishe, shinikizo hili linasukuma ganda kwa ndani, upande ambao halikusanifiwa. Mafanikio: hakuna povu hata moja.

Kisha tangi zima, kwa maji.

1. Ondoa vali ya usalama, ziba mahali pake kwa flanji bapa.
2. Jaza maji safi ukiacha tundu la juu kabisa wazi hadi maji yatoke bila mapovu. Hewa iliyobaki ndani inahifadhi nguvu kama springi iliyobanwa. Chombo kikipasuka, hewa hiyo ndiyo inayorusha vipande.
3. Kausha nje ya weldi zote, la sivyo hutatofautisha jasho na uvujaji.
4. Panda polepole hadi 1.3 × 1.0 = MPa 1.3, yaani bar 13. Mtu asikaribie.
5. Shuka hadi bar 10, ndipo ukague kwa macho kila weldi na kila tundu dogo.

Kamwe usibadilishe maji kwa kompresa kwa sababu pampu haipo.

Mafanikio ni geji isiyoshuka, weldi kavu, na mviringo wa ganda karibu na pedi usiobadilika ukilinganisha na vipimo vya kabla. Weka kwenye faili hesabu ya eneo, vyeti vya chuma, jina la mchomeleaji na cheti chake, na kumbukumbu ya shinikizo la majaribio.

## Kama ni tangi la kuhifadhia mafuta au maji

Tangi kubwa la wima lisilo na shinikizo, kama la bohari ya mafuta, hufuata API 650, kiwango cha Taasisi ya Petroli ya Marekani. Wazo ni lilelile, hesabu ni nyepesi, vikomo ni tofauti.

Nozeli yoyote inayozidi inchi 2 huimarishwa. Eneo la kurudisha ni kimo cha tundu mara unene wa bamba, na chuma kinachohesabiwa kiwe ndani ya kipenyo kimoja cha tundu juu au chini ya kitovu. Nozeli ya inchi 8 kwenye bamba la mm 8: tundu la mm 222, eneo mm² 1776. Pedi ya mm 8 inahitaji kimo cha mm 444; jedwali la kiwango linatoa mm 485, kwa hiyo fuata jedwali.

Tundu dogo la pedi hapa ni mm 6, lipo kwenye mstari wa mlalo wa katikati, na linaachwa wazi. Pedi hupimwa kwa hewa isiyozidi kPa 100 kabla tangi halijajazwa maji.

Kinachoharibu nozeli za matangi haya mara nyingi ni bomba lililofungwa kwa kukazwa mno. Tangi likijaa, ganda la chini linatanuka na nozeli inainama. Msingi nao unatitia kidogo. Bomba lisilo na mahali pa kujikunja linavuta nozeli hadi weldi ya pedi ipasuke. Weka kona au kiungo cha kunyumbulika karibu na tangi, na kaza bolti za mwisho baada ya jaribio la maji, msingi ukishatulia.